Goti linaonekana, nguvu haionekani

Mpige video ya simu mama aliyejitwika ndoo ya lita 20 akishuka njia ya Ntyuka, hapa Dodoma, asubuhi, kisha irudishe polepole. Utaona kisigino kikigusa chini, goti likijikunja kidogo kupokea uzito, nyonga ikipanda na kushuka, shingo imetulia kama haihusiki. Rudia mara mia. Kuna kitu kimoja hutakiona: ni msuli upi unavuta wakati huo, na unavuta kwa nguvu kiasi gani. Video inakupa mahali viungo vilipo. Haikupi nguvu.

Scott Delp, profesa wa uhandisi wa kibayolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, amekifuata hicho kisichoonekana maisha yake yote ya utafiti. Alipata shahada ya uzamivu hapohapo Stanford mwaka 1990, akafundisha Chuo Kikuu cha Northwestern, akarudi Stanford mwaka 1999 na kuwa mwenyekiti mwanzilishi wa idara ya uhandisi wa kibayolojia. Wasifu ukiandikwa hivyo huwa mkavu. Lakini ukiufuata kwa swali hilo moja la nguvu ya msuli, unageuka somo zima la namna mwendo wa binadamu unavyopimwa. Somo hilo linatuhusu sana sisi wa Dodoma, kwa sababu kazi iliyoanza na kompyuta ghali za maabara imefika kwenye simu mbili na karatasi moja iliyochapwa.

Tuanze na kitu anachokikumbuka kila aliyesoma sayansi ya shule ya msingi hapa nchini: wenzo. Egemeo, jitihada, mzigo. Goti linaponyooshwa ni wenzo daraja la tatu. Egemeo liko kwenye kiungo chenyewe. Jitihada inaingia karibu kabisa na kiungo, pale kano inayoshuka kutoka pia ya goti inaposhika juu ya mfupa wa muundi. Mzigo uko mbali zaidi. Kwa mtu mzima, umbali kati ya katikati ya goti na mstari wa kano hiyo ni kama sentimita 4 tu.

Sasa chukua mtu wa kilo 60 aliyesimama kwa mguu mmoja, goti limekunjwa. Ardhi inamsukuma juu kwa nguvu ya takriban nyutoni 600. Kama mstari wa nguvu hiyo unapita sentimita 10 nyuma ya katikati ya goti, unalikunja goti kwa 600 mara 0.10, yaani nyutonimita 60. Msuli wa mbele ya paja lazima uzirudishe zote kwa mkono wa sentimita 4: gawanya 60 kwa 0.04, unapata nyutoni 1,500. Huo ni uzito wa watu wawili na nusu, unavutwa na kano moja, na mtu hajainua kitu chochote. Akikunja goti zaidi mpaka umbali ufike sentimita 15, nguvu inapanda hadi nyutoni 2,250. Mgandamizo wa mfupa juu ya mfupa ndani ya goti unapanda nao. Ndiyo maana anayetembea magoti yamekunjwa huchoka mapema na huumwa magoti, hata kama ni mwepisi.

Hesabu hiyo nimeifanya rahisi makusudi, msuli mmoja tu. Goti halisi linavukwa na misuli zaidi ya kumi, na mingine inavuta upande wa pili kwa wakati uleule. Fikiria watu kumi wamebeba gogo. Uzito wa gogo unaujua, lakini nani amebeba kilo ngapi huwezi kujua kwa kulipima gogo. Hesabu ni moja, yasiyojulikana ni kumi. Unaweza kubandika vipokezi vya umeme juu ya ngozi, vikakuambia msuli umeamka saa ngapi na umelala saa ngapi, nyutoni havikupi. Kuzipima moja kwa moja ungelazimika kuweka kipimo ndani ya kano ya mtu aliye hai.

Njia iliyobaki ni kumjenga mtu ndani ya kompyuta. Mwaka 1990 Delp na wenzake walichapisha modeli ya mguu wa binadamu yenye vivutio 43 (vitu vinavyovuta) vya misuli na kano zake. Kila kimoja kina mahali kinapoanzia na kinapoishia kwenye mfupa, na kila kimoja kinabeba namba nne za lazima: nguvu ya juu kabisa unayoweza kutoa msuli, urefu wa nyuzi zake unapotoa nguvu hiyo, urefu wa kano kabla haijaanza kukaza, na pembe ya nyuzi kwenye kano. Namba ya tatu ndiyo inayowaangusha watu wengi. Ikikosewa kwa asilimia chache tu kwenye msuli wenye kano ndefu na nyuzi fupi, kama wa shavu la mguu, msuli mzima unahamia mahali pabaya pa mkondo wake wa nguvu, yaani uhusiano wa urefu wake na nguvu unayotoa, na majibu yote ya kifundo cha mguu yanaharibika hata kama picha kwenye kioo inatembea vizuri.

Modeli ile haikutengenezwa kwa ajili ya kupendeza. Madaktari wa mifupa walikuwa wanarefusha misuli na kuhamisha kano za watoto, kisha wanasubiri miezi waone kama mtoto ametembea vizuri. Delp alitaka kano ihamishwe kwanza kwenye kompyuta, ionekane wenzo unabadilikaje, ndipo kisu kifuate.

Mfano ninaouona bora kuliko yote ni wa watoto wenye mtindio wa ubongo wanaotembea magoti yamekunjwa. Ukimtazama mtoto wa namna hiyo, jibu linalokuja upesi ni kwamba misuli ya nyuma ya paja ni mifupi, ndiyo inayolivuta goti, basi irefushwe. Upasuaji huo uliwasaidia baadhi, wengine haukuwasaidia. Sababu imo kwenye njia ya msuli wenyewe. Unaanzia kwenye mfupa wa kukalia, unapita nyuma ya nyonga, unapita nyuma ya goti, unashika chini ya goti. Goti likikunjwa, msuli unafupika. Nyonga ikikunjwa, msuli uleule unarefuka. Na mtoto anayetembea hivyo amekunja vyote viwili.

Pima kwa namba. Umbali kutoka katikati ya nyonga hadi msuli huo ni kama sentimita 6.5, kwenye goti ni kama 3.5. Nyonga ikikunjwa nyuzi (digrii) 30, msuli unarefuka kwa 6.5 mara 0.52, ambayo ni nyuzi 30 zikigeuzwa kuwa radiani, yaani sentimita 3.4. Goti likikunjwa nyuzi 40, unafupika kwa 3.5 mara 0.70, yaani sentimita 2.4. Jumla yake, msuli umerefuka sentimita moja kuliko mtu akiwa amesimama wima, wakati macho yanasema umefupika. Delp, Allison Arnold na wenzao walipowapima wagonjwa kwa njia hii na kuchapisha mwaka 1996, wengi wao walikutwa na misuli ya nyuma ya paja yenye urefu wa kawaida au zaidi ya kawaida. Kurefusha msuli ambao tayari ni mrefu ni kuudhoofisha bure, na msuli huo ndio unaosaidia kuinyoosha nyonga.

Kwa mtaalamu wa fiziotherapia wa hapa Dodoma, maana yake kwa vitendo ni hii: ukimpiga video mtoto kwa ubavu, usiishie gotini. Pima pembe ya nyonga na mwinamo wa fupanyonga katika fremu ileile, ufanye hesabu hiyo ya mistari miwili kabla ya kuandika kwamba msuli umefupika. Kumlaza kitandani na kunyoosha mguu kunakuambia msuli unafikia wapi ukivutwa, hakukuambii una urefu gani mtoto anapotembea. Ni maswali mawili tofauti.

Programu ya kwanza iliyotokana na kazi hiyo iliitwa SIMM, na ilikuwa ya kuuzwa. Mwaka 2007 Delp na wenzake wakatoa OpenSim, programu huria, bure, inayofanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Kwangu hilo ni tukio kubwa kuliko modeli yoyote. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwenye kompyuta mpakato anaweza kuifungua modeli ya mwili mzima iliyochapishwa mwaka 2016, yenye vivutio 80 vya misuli ya miguu na viungo vinavyosogea kwa namna 37, akabadilisha namba anayotaka na kuona kinachotokea. Kwa tatizo la gogo na wabebaji kumi, OpenSim inachagua mgawanyo ambao jumla ya miraba ya juhudi za misuli ni ndogo kabisa. Kwa maneno mengine, inakataa mgawanyo unaomchosha mmoja kupita kiasi. Dhana hiyo inafaa kwa mwendo wa kawaida wa mtu mzima. Kwa mtoto wa mtindio wa ubongo ambaye misuli ya pande mbili inakaza kwa pamoja, inatoa nguvu ndogo kuliko za kweli, na anayesoma majibu lazima alijue hilo.

Kuna kasoro nyingine ambayo wengi huipita. Vipimo vya misuli vilivyomo kwenye modeli ya 2016 vinatokana kwa sehemu kubwa na miguu ya maiti 21 za wazee, wastani wa umri wao ukiwa zaidi ya miaka 80, vikichanganywa na picha za vijana wenye afya. Unapoingiza urefu na uzito wa kijana mchungaji wa Bahi mwenye miaka 14, programu inafupisha mifupa na kupunguza uzito, lakini nguvu ya juu ya kila msuli haijirekebishi yenyewe kwa akili. Ukiiacha ilivyo, umempa mtoto misuli ya mtu mwingine. Iangalie kila mara. Delp mwenyewe aliufahamu udhaifu wa kutegemea maiti: mwaka 2008 yeye na Mark Schnitzer na wenzao walionyesha kwamba lenzi nyembamba kama sindano inaweza kuingizwa ndani ya msuli wa mtu aliye hai na kuonyesha sakomea, vile vipande vidogo vya msuli vinavyojikunja, vikiwa kazini. Urefu wake ni kama maikromita 3. Ni mara ya kwanza msuli ulionekana kwa undani huo ndani ya mtu hai bila kumchana.

Baadaye kazi yake ikatoka maabara. Mwaka 2017 kundi lake lilitumia hatua zilizohesabiwa na simu za watu 717,527 katika nchi 111 kuangalia nani anatembea na nani hatembei. Miaka ya karibuni wamefundisha watu wenye maumivu ya goti kuugeuza unyayo nyuzi 5 au 10 tu, ndani au nje kulingana na mtu, ili mzigo uhame kutoka upande uliolika. Nayapita haraka, maana kilichonileta hapa ni OpenCap, iliyochapishwa mwaka 2023.

OpenCap inatumia vifaa viwili au zaidi vya iPhone au iPad, inatambua viungo kwenye video bila kumbandika mtu vidoa, inatuma video kwenye seva, na inakurudishia modeli ya OpenSim inayotembea. Ni bure kwa utafiti wa kitaaluma. Waandishi wake waliripoti kosa la wastani la nyuzi 4.5 kwenye pembe za viungo na asilimia 6.2 ya uzito wa mwili kwenye nguvu za ardhi, na walionyesha kwamba watu 100 wanaweza kupimwa nje ya maabara kwa gharama isiyofika asilimia 1 ya ile ya maabara. Ile 4.5 iandike ukutani. Mgonjwa akija mwezi huu goti likasoma nyuzi 21, mwezi ujao 18, hujaona nafuu bado. Umeona kipimo kikicheza.

Kazi yenyewe inaanza na karatasi ya miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Ya kawaida ya OpenCap inatoshea kwenye A4 na kila mraba una milimita 35. Kwenye maduka mengi ya kuchapisha hapa mjini printa imewekwa ijirekebishie karatasi, na mraba unatoka milimita 34 bila mtu kugundua. Kosa hilo ni karibu asilimia 3, na kamera zitadhani dunia nzima ni kubwa kuliko ilivyo: mtu wa sentimita 170 anapimwa kama wa 175. Mwambie mchapaji aweke asilimia 100, kisha pima miraba mitano kwa pamoja kwa rula. Lazima ifike milimita 175. Ibandike kwenye plaiwudi iliyonyooka kwa gundi iliyosambazwa vizuri. Karatasi iliyobinuka hata kidogo inaharibu hesabu, na karatasi iliyotiwa plastiki inang'aa juani mpaka miraba inapotea.

Simu ziweke kwenye stendi za miguu mitatu, mbele ya mtu, kila moja ikiwa nyuzi 30 hadi 45 kutoka kwenye mstari anaokuja nao, moja kulia, moja kushoto. Mtu mzima aonekane kichwa hadi vidole vya miguu muda wote wa hatua unazozitaka. Ubao uusimamishe wima mahali simu zote mbili zinauona, ndipo upimie. Baada ya hapo simu haiguswi. Ikizunguka nyuzi moja tu, kwa mtu aliye mita 4 mbali hiyo ni sentimita 7, na goti la kulia litaanza kufanya mambo ya ajabu. Upepo wetu wa Juni hadi Septemba unatosha kabisa kufanya hivyo, hasa mchana. Ning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo 2 au 3 katikati ya kila stendi, na usiisogeze stendi hata kumpisha mtu. Ikisogea, pima upya kwa ubao. Hakuna njia ya mkato.

Muda mzuri ni saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Saa 6 mchana jua liko utosini, uso na magoti yanaingia kivulini, na simu iliyokaa juani dakika 20 inapata joto mpaka inajizima. Weka jua mgongoni mwa simu, si mgongoni mwa mtu. Mandhari ya nyuma yawe matupu: ukuta wa rangi moja au uwanja. Watoto wanaokuja kutazama wapewe mahali pao, kwa sababu programu ikimwona mtu wa pili inaweza kuchanganya mguu wa huyu na wa yule.

Nguo ndiyo shida kubwa kuliko zote hapa kwetu. Kanga, dera na suruali pana vinaficha goti, na programu haisemi kwamba haioni, inakisia tu. Taiti na fulana inayoshika mwili vinatosha. Haina haja ya kumvua mtu. Mweleze mapema, kabla hajatoka nyumbani, na uwe na sehemu ya kubadilishia yenye pazia. Rangi ya taiti itofautiane na ya ukuta. Na video ya mtu ni taarifa yake binafsi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusika, ridhaa iwe ya maandishi, na mhusika aambiwe wazi kwamba picha zake zinakwenda kwenye seva nje ya nchi. Kwa utafiti wa afya kuna kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na mtafiti anayetoka nje anahitaji pia cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Anza nacho mapema.

Ardhi nayo ichague. Mchanga wa korongoni unapendeza kwenye picha lakini kutembea juu yake kunatumia nishati mara 2.1 hadi 2.7 ya ardhi ngumu, na unyayo unazama usionekane. Tafuta udongo ulioshindiliwa au sakafu.

Mwenye simu moja ya Android naye ana kazi ya kufanya. Weka simu kwa ubavu, mita 5 au 6 kutoka kwenye njia, kwa urefu wa nyonga, kioo kikiwa sambamba na njia. Chora mstari wa chokaa wa mita 10, mtu apite juu yake, utumie mita 4 za katikati tu. Mwanzoni bado anaongeza mwendo, mwishoni anapunguza. Laza fimbo ya mita 1 juu ya mstari uleule, si ukutani nyuma yake. Simu ikiwa mita 5 na mtu akipita sentimita 25 karibu zaidi na simu kuliko mstari, anaonekana mkubwa kwa asilimia 5, na urefu wa hatua unakosewa kwa kiasi hichohicho. Kinovea, programu ya bure ya Windows, inatosha kupima pembe na muda.

Idadi ya fremu kwa sekunde iendane na swali. Kwa fremu 30, kila picha ni sekunde 0.033. Mguu wa anayetembea unakaa chini kama sekunde 0.6, kwa hiyo kukosea fremu moja ni asilimia 5 au 6. Mguu wa mkimbiaji unakaa chini kama sekunde 0.2, na fremu moja ni sehemu ya sita ya muda wote. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko fremu moja ya video ya kawaida. Wakimbiaji wapimwe kwa fremu 120 au 240.

Halafu kuna chujio, yaani hesabu inayoondoa kelele, ile mitikisiko ya uongo kwenye vipimo. Pembe na mahali pa kiungo vinavumilia kelele, mchapuko, yaani jinsi mwendokasi unavyobadilika kwa haraka, hauvumilii. Alama ikitikisika milimita 1 tu mara 10 kwa sekunde, ukikokotoa mchapuko wake unapata karibu mita 4 kwa sekunde kwa sekunde, yaani theluthi na zaidi ya mvutano wa dunia, kutoka kwenye kitu ambacho hakikutokea. Mtikisiko uleule ukitokea mara 1 kwa sekunde unazaa 0.04 tu. Kwa kutembea, chujio la kupitisha chini ya mara 6 kwa sekunde ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa kukimbia pandisha, la sivyo utafuta kishindo cha kisigino ambacho ndicho ulichokuja kukipima.

Ukilinganisha watu wa vimo tofauti, usilinganishe mwendokasi mtupu. Chukua mwendokasi, uuzidishe kwa wenyewe, gawanya kwa 9.78 (mvutano wa dunia) na kwa urefu wa mguu kwa mita. Watu wengi huacha kutembea na kuanza kukimbia namba hiyo ikikaribia 0.5. Mwenye mguu wa sentimita 90 anafika hapo kwa mita 2.1 kwa sekunde. Mtoto mwenye mguu wa sentimita 50 anafika kwa 1.56. Mama anayewahi Soko la Majengo kwa hatua za haraka anatembea bado, mtoto aliyemshika mkono tayari anatimua mbio. Ni mwendokasi uleule, miguu tofauti.

Narudi kwenye ndoo. Mwaka 1986 Maloiy, Heglund na wenzao walichapisha vipimo vya wanawake wa Kiluo na Kikikuyu nchini Kenya: waliweza kubeba, Waluo juu ya kichwa na Wakikuyu kwa mkanda wa kwenye paji la uso, hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati ya ziada. Mwaka 1995 Heglund na wenzake wakaeleza sababu: chini ya mzigo, wanawake hao hugeuza vizuri zaidi nishati ya kupanda kuwa ya kwenda mbele, kama pendulamu inayopoteza kidogo. Lakini angalia mizigo yetu. Ndoo ya lita 20 iliyojaa, pamoja na plastiki yake, ni kama kilo 21. Kwa mama wa kilo 60 hiyo ni asilimia 35. Yuko mbali nje ya ile asilimia 20, na hapo gharama inaanza kupanda. Wanawake wa Kigogo wanaoteka maji Chamwino au Mpwapwa wanastahili kupimwa kwa mizigo yao wenyewe, na vifaa sasa vipo.

Anayetaka kulifanya ajue mitego miwili. Wa kwanza, OpenCap haina kipimo cha nguvu chini ya mguu. Inazikadiria kutokana na uzito uliouandika. Haijui kwamba kuna ndoo. Usipoongeza kwenye modeli kitu cha kilo 21 kilichoshikamana na kichwa, katikati yake ikiwa nusu ya kimo cha ndoo juu ya ngata, goti litahesabiwa la mtu wa kilo 60 na majibu yote yatakuwa ya mtu mwingine. Ndoo na ngata zipimwe kwenye mizani, zisikisiwe.

Wa pili ni maji yenyewe. Kwenye ndoo yenye kipenyo cha sentimita 28, maji yakiyumba hurudi karibu mara 1.8 kwa sekunde. Mtu anayetembea kawaida hupiga hatua kama 1.8 hadi 2 kwa sekunde. Hatua na maji vinapatana, wimbi linakua, na shingo inalazimika kulizima kila hatua. Majani au mfuko unaoelea juu ya maji, ambao akina mama huuweka tangu zamani, unalivunja wimbi hilo. Kwa hiyo kwenye vipimo tumia ndoo iliyojaa hadi mdomoni na kufunikwa, isiyo na nafasi ya wimbi, na mzigo wa nusu uwe mchanga kwenye mfuko uliofungwa, si maji nusu ndoo. Kila mtu apite mara 5 bila mzigo, mara 5 na mzigo wa nusu, mara 5 na ndoo kamili, mpangilio ukibadilishwa kati ya mtu na mtu ili uchovu usije ukasomeka kama athari ya mzigo. Mwendokasi wa kila safari usitofautiane zaidi ya asilimia 5. Inayozidi hapo irudiwe akiwa amekwisha kupumzika, ndoo ikiwa chini.